Mwembamba, Mnene, Mfupi: Nani Ataikimbia Mita 100?

(Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, Rulenge, wilaya ya Ngara)

Mazungumzo haya niliyatoa nikiwa nimesimama juu ya benchi, chini ya mikaratusi, wakati timu ya shule ikijiandaa kwa mashindano ya UMISSETA. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimeongeza vitu viwili vitatu ambavyo upepo uliwachukulia waliokaa nyuma.

Nilikuwa nimeitwa kuzungumza juu ya lishe bora. Mkononi nilikuwa na karatasi zangu za kawaida, zile zenye picha za makundi ya vyakula. Nilipofika nikakuta mchujo wa mita 100 unataka kuanza. Mstari umechorwa kwa majivu, kila mtu kavua viatu. Lakini kabla hata filimbi haijapulizwa, mchujo ulikuwa umeshafanyika midomoni. Kijana mmoja mfupi aliambiwa na wenzake, "We nenda kakimbie mita elfu tano huko na wembamba wako." Msichana mmoja mwenye mwili mkubwa aliambiwa tufe linamsubiri. Wote wawili waliondoka mstarini wakicheka. Si mnajua kile kicheko cha mtu ambaye hakufurahi?

Baadaye, pale bombani, yule kijana akanifuata. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo dada," halafu akaangalia huku na huku. "Dada, hivi vile vidonge vya kunenepesha, ni kweli vinaleta nguvu ya kukimbia?" Nikamuuliza kwa nini anauliza. Akasema ameshavitumia wiki tatu.

Basi karatasi zangu za makundi ya vyakula nikazirudisha mkobani. Nitazungumza juu ya jambo hili moja: ukubwa wa mwili na kasi ya mbio fupi.

Tuanze na wakubwa wa dunia. Usain Bolt wa Jamaika ana urefu wa mita 1.95. Tarehe 16 Agosti 2009, mjini Berlin, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, na hadi leo hakuna aliyeifuta rekodi hiyo. Mtu akiishia hapo atasema, haya, mbio ni za warefu. Lakini nchi hiyo hiyo ya Jamaika imemtoa Shelly-Ann Fraser-Pryce, mwanamke mwenye urefu wa mita 1.52 tu. Wengi wenu hapa mnampita. Alichukua dhahabu ya mita 100 katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, akairudia London mwaka 2012, na mwaka 2021, akiwa ameshazaa, alikimbia kwa sekunde 10.60. Sasa nani kati ya hao wawili ana mwili wa mbio?

Jibu liko katika hesabu ndogo ambayo kila mmoja wenu anaiweza. Kasi ya mkimbiaji ni urefu wa hatua yake mara idadi ya hatua anazopiga kwa sekunde moja. Bolt alipiga kama hatua 41 kwa mita zote 100. Gawanya: kila hatua ni karibu mita mbili na nusu. Mfupi hawezi kuruka hivyo, kwa hiyo anapiga hatua nyingi zaidi na kwa haraka zaidi. Mtu mfupi pia ana faida wakati wa kuanza. Miguu mifupi huzunguka upesi, naye hushika kasi mapema, wakati mrefu bado anajikunjua kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mrefu humpata mbele ya safari. Mbio ya mita 100 ni ubishi kati ya hao wawili, na haujaisha.

Chukueni mfano wenu wenyewe. Kijana anayekimbia mita 100 kwa sekunde 13, akapiga hatua 54, kila hatua yake ni kama mita 1.85, na anapiga hatua nne na kidogo kwa sekunde. Bolt naye alikuwa anapiga hatua nne na kidogo kwa sekunde! Umeona? Idadi ya hatua kwa sekunde inakaribiana. Tofauti kubwa iko katika urefu wa hatua, na urefu wa hatua hauletwi na miguu mirefu peke yake, bali na nguvu unayoipigia ardhi kabla mguu haujaondoka. Ardhi inakurudishia kile ulichoipa.

Hapa ndipo uzito unapoingia. Mnaoishi Rulenge nyie ni wataalamu, maana milima mnayo na maji mnayafuata bondeni. Mtu akibeba ndoo ya lita 20 anaongeza kilo 20 juu ya mwili wake, na miguu ni ile ile. Atakimbia? Hatakimbia, atajikokota. Mafuta yaliyozidi mwilini yanafanya kazi kama ile ndoo: yanabebwa, hayabebi. Misuli ni mizito pia, tena kipande kwa kipande ni mizito kuliko mafuta, lakini misuli inajibeba na kukubeba wewe. Ndiyo maana watu wawili wenye kilo 65 na urefu mmoja wanaweza kupishana mbali kabisa uwanjani. Mizani haijui kutofautisha mafuta na misuli, inasoma kilo tu.

Kuna mchezo mmoja Marekani ambao umelifanya jambo hili kuwa kama maabara. Unaitwa mpira wa miguu wa Kimarekani, ingawa unachezwa zaidi kwa mikono (Wamarekani wana mambo yao). Vijana wa sekondari wapatao milioni moja huucheza huko kila mwaka. Timu ina watu 11 uwanjani, na kila mmoja ana kazi yake. Wapo wanaozuia kwa vifua, hao ni mabonge hasa. Wapo wanaopokea mpira na kutimka, hao huwa wepesi. Kila anayetaka kuingia timu kubwa hupimwa mbio ya yadi 40, yaani kama mita 36 na nusu. Mwaka 2024 Xavier Worthy, mwenye kilo kama 75, aliikimbia kwa sekunde 4.21, na hakuna aliyewahi kupimwa haraka kuliko yeye katika majaribio yale ya kitaifa. Mwaka 2022 Jordan Davis, mwenye kilo kama 155, aliikimbia kwa sekunde 4.78. Kilo 155! Mara mbili ya mwenzake, na alizidiwa kwa nusu sekunde na ushei tu.

Sasa nani bora? Wanafunzi wa fizikia, nisaidieni. Zidisheni tungamo kwa kasi, mpate ile mnayoiita momenta. Worthy anapata kama 650. Davis anapata kama 1,190. Katika mita 100 za UMISSETA Davis angeonekana mzito. Lakini ukisimama mbele yake akija, utatamani ungekuwa umesimama mbele ya Worthy. Kwa hiyo mwili ule ule ni kasoro katika mchezo mmoja na mali katika mchezo mwingine. Huku kwetu Afrika Mashariki wapo waliolifahamu hilo. Daniel Adongo wa Kenya, mchezaji wa raga, alichukuliwa na timu ya Indianapolis Colts mwaka 2013 kwenda kuucheza mchezo huo hata kabla hajawahi kuucheza.

Lakini maabara hiyo ina upande wake wa giza. Vijana wanaoambiwa waongeze kilo ili wawe wazuiaji hula bila kipimo. Wengine hupata shinikizo la damu wakiwa bado wanafunzi. Mwili mkubwa pia hupoa taratibu. Mwaka 2001 mchezaji mashuhuri wa timu ya Minnesota Vikings, Korey Stringer, alifariki kwa kuzidiwa na joto mazoezini, na alikuwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa timu. Huku Rulenge kuna baridi ya milimani, mtasema haituhusu. Wenzenu wa Biharamulo hawatasema hivyo. Mwenye mwili mkubwa akifanya mazoezi saa nane mchana apewe maji na apumzike kivulini, na akianza kuongea ovyo au kuyumba msimcheke. Mwagieni maji mwili mzima na kumpepea hapo hapo, huku mmoja akikimbia kutafuta msaada wa hospitali.

Turudi kwa yule mfupi na yule msichana.

Nilimuuliza kijana umri wake, akasema miaka 14. Sauti yake bado ya kitoto. Pale mstarini alikuwa amesimama pamoja na vijana wa umri huo huo wenye sauti nzito na ndevu zinazoanza kuota. Jamani, hapo hamkuwa mnashindanisha wakimbiaji, mlikuwa mnashindanisha kalenda za miili. Balehe haina kengele moja kama kengele ya shule. Kwa wavulana wengi kurefuka kwa kasi hufikia kilele kwenye miaka 13 au 14, lakini mwingine huanza na miaka 11, mwingine 15, na wote ni wazima. Homoni ya kiume ikishaongezeka, misuli hukua, mabega hupanuka, na kasi huja yenyewe bila hata mazoezi ya maana. Aliyetangulia anajiona bingwa. Aliyechelewa anajiona hafai, anaacha michezo, na mwaka mmoja au miwili baadaye anafika pale pale mwenzake alipo, ila sasa hayupo tena kwenye timu. Shule inampoteza mkimbiaji ambaye alikuwa njiani anakuja.

Kwa wasichana mambo ni mengine kidogo. Balehe yao hutangulia, na inakuja na mafuta kwenye nyonga na mapaja. Hayo si ugonjwa wala uvivu. Mwili unayahitaji ili hedhi iende sawasawa. Kuna wasichana ambao kasi yao inasimama au inarudi nyuma kidogo katika miaka hiyo, wakakata tamaa, au wakaanza kuruka chakula ili wapungue. Dada yangu, usifanye hivyo. Ukijinyima chakula huku unafanya mazoezi, hedhi inaweza kukoma, na mifupa ikakosa kuimarika katika miaka ile ile inapojijenga. Mfupa dhaifu haukimbii. Na yule msichana aliyeambiwa aende kwenye tufe, mimi nilimwomba akimbie mita 30 tu. Alikuwa wa tatu kati ya tisa. Tufe nalo alirushe kama analipenda, kwani tufe linataka watu wenye mwondoko wa ghafla kama wakimbiaji.

Haya, vidonge.

Nikimwambia mtu "usitumie" bila kumweleza, nimempotezea muda. Vidonge vinavyouzwa kwa siri kama vya kunenepesha mara nyingi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni siproheptadini, dawa ya mzio. Inaleta njaa na usingizi. Unakula sana, unasinzia darasani, unaongezeka, na ukiiacha kilo zinaondoka zilivyokuja. Aina ya pili ndiyo inayonitisha: deksamethasoni. Hospitalini ni dawa nzuri sana, inaokoa maisha ya watu wenye uvimbe mkali au wanaoshindwa kupumua, ikitolewa kwa kipimo na kwa siku zilizohesabiwa. Kwa mtu mzima asiyeumwa, hivi ndivyo inavyofanya: inaleta hamu ya kula, uso unavimba ukawa mviringo kama mwezi, mwili unatunza maji na chumvi, tumbo linatoka. Jirani anakwambia, "Umependeza!" Kumbe wakati huo huo misuli ya mapaja na mikono inaliwa. Ndiyo, inaliwa. Dawa hii ikitumiwa kwa muda inavunja protini ya misuli na kudhoofisha mifupa. Yule kijana alikuwa ananunua kasi, akauziwa kitu kinachoimaliza.

Si hivyo tu. Inapandisha sukari na shinikizo la damu, na inashusha kinga, hata kifua kikuu kilicholala mwilini kinaweza kuamka. Halafu kuna jambo ambalo lazima mlisikie vizuri. Juu ya figo zako kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza homoni ya aina hiyo hiyo kwa kiasi unachohitaji. Zikiona inaletwa kutoka nje kila siku, zinalala. Ukitumia kwa wiki kadhaa halafu ukaacha ghafla, tezi bado zimelala na dawa haipo. Mtu anaishiwa nguvu, anatapika, shinikizo la damu linaanguka, anaweza kuzimia na hata kufa. Kwa hiyo kama umeshaanza, usivitupe chooni leo kwa hasira baada ya kunisikiliza. Nenda kituo cha afya au hospitali, sema ukweli, taja wiki ngapi na vidonge vingapi, na uende na hivyo vilivyobaki. Watakuonyesha namna ya kuacha. Hawakuiti polisi.

Ndugu wa dawa hiyo huwafikia hata mabingwa. Ferdinand Omanyala wa Kenya ndiye Mwafrika mwenye rekodi ya mita 100: sekunde 9.77, uwanja wa Kasarani, Nairobi, tarehe 18 Septemba 2021. Alianza na raga, ndipo akahamia mbio. Mwaka 2017 alipopimwa alikutwa na betamethasoni mwilini, dawa ya ukoo mmoja na deksamethasoni, akafungiwa miezi 14. Yeye alieleza kuwa ilitokana na matibabu ya maumivu ya mgongo. Kasi yake aliipata baada ya kifungo hicho, kwa mazoezi, na mwaka 2022 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham. Hatukuwa na sababu ya kudhani mbio fupi si zetu. Seraphino Antao wa Mombasa alishachukua dhahabu za yadi 100 na yadi 220 katika michezo hiyo huko Perth mwaka 1962. Sisi Watanzania tunamtaja Filbert Bayi na mita 1500 zake za Christchurch, 1974, na tuna haki. Lakini tusimsahau Nzaeli Kyomo, mwanamke aliyetuwakilisha katika mbio fupi kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980.

Mtaniuliza, sasa mwembamba ale nini? Ale alicho nacho, ila akipange. Ndizi na ugali wa muhogo vinajaza tumbo na kutoa nguvu, lakini vina protini kidogo. Maharage ndiyo nyama yetu, tena Ngara tunalima mazuri. Ongeza karanga, dagaa wa ziwani wakipatikana sokoni, maziwa ya mgando kwa wenye ng'ombe, yai siku likipatikana. Matembele na kisamvu visiachwe pembeni ya sahani kama mapambo. Kula pera au chungwa pamoja na chakula, maana vitamini yake husaidia mwili kunyonya madini ya chuma kwenye maharage na mboga. Chai ya rangi isinywewe pamoja na mlo, huzuia chuma hicho. Isubiri saa moja.

Ninasisitiza chuma kwa sababu huku kwetu kuna malaria na kuna safura, na wasichana hupoteza damu kila mwezi. Mita 100 zenyewe huisha kabla upungufu wa damu haujakuumbua, lakini mazoezi hayaishi. Anayekimbia mara moja vizuri, mara ya tatu akaona giza, si mvivu. Apimwe wekundu wa damu, apimwe malaria, apewe dawa ya minyoo. Nimeona vijana wanalaumiwa ulegevu mwaka mzima, kumbe ni safura.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vyuma. Mna milima! Kimbia mita 30 kupanda, kwa nguvu zote, shuka ukitembea, pumzika mpaka pumzi irudi, rudia mara sita. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na katikati uruke kichurachura. Mwenye saa yenye sekunde apime mita 30 kila Jumamosi na kuandika nyuma ya daftari, karibu na urefu na uzito wako. Shindana na Jumamosi iliyopita. Na ulale: kijana wa umri wenu anahitaji saa nane hadi kumi, kwa sababu misuli hujengwa usiku. Najua mabwenini mnasoma kwa tochi. Mimi pia nilisoma kwa tochi, na nilikuwa nasinzia kwenye jiografia.

Maswali yalikuwa mengi. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliuliza kwa sauti ya chini kama ni vibaya kukimbia wakati wa hedhi. Si vibaya. Ukijisikia kukimbia, kimbia. Wapo ambao maumivu hupungua. Tumbo likiuma sana siku hiyo, pumzika. Wavulana walianza kuguna, mwalimu wao akawanyamazisha, nami nikawaambia hilo ni swali la michezo kama mengine.

Yule kijana hakuuliza kitu mbele ya wenzake. Alinisubiri langoni, akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa, ndani yake vidonge kumi na kimoja, havina jina wala karatasi. Akasema, "Dada, nikienda peke yangu wataniuliza nimevitoa wapi." Nikamwambia kesho asubuhi nitakuwa hapa saa mbili, tutakwenda wote, na avibebe vyote bila kupunguza hata kimoja. Alikuja saa moja na nusu.